Nani Anaweza Kusubiri

Kiazi kikishang'olewa, hesabu imeanza. Kikiachwa juani kinageuka kijani na kuwa kichungu. Kikirundikwa kwenye chumba chenye joto kinachipua au kuoza, na nondo wa viazi wakikigundua hakichukui muda kutobolewa. Sisi tuliokulia Njombe, mji ulioko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, tumejaliwa baridi. Usiku wa Juni na Julai kiazi chetu kinavumilia kuliko kinavyovumilia Dar es Salaam. Lakini hata kwetu uvumilivu huo una mwisho, na mnunuzi anayeingiza lori kijijini anaujua mwisho huo vizuri kama anavyoijua barabara ya kwenda Makambako, njia panda ya mkoa wetu.

Jambo hili nililiona tangu utoto. Kulielewa, nililielewa Chuo Kikuu Mzumbe, kwenye kozi ya mipango mkakati ya masoko. Naandika kwa sababu kozi ile ilinipa macho ambayo sikuwa nayo, na kwa sababu naamini kuna ukurasa mmoja unaopaswa kuongezwa ndani yake. Ukurasa huo unahusu muda: kati ya muuzaji na mnunuzi, nani anaweza kusubiri, na kwa nini.

Ukitoka Makambako kwa basi la Dar es Salaam unapita Mafinga na Iringa, unateremka Kitonga, unavuka Ruaha Mbuyuni penye vitunguu vilivyopangwa kandokando ya lami, unakatiza Hifadhi ya Mikumi, na kabla hujafika Morogoro unashuka Sangasanga na kuelekea chuoni, chini ya milima ya Uluguru. Chuo kilianza mwaka 1953 kama shule ya kufundisha watumishi wa serikali za mitaa, mwaka 1972 kikawa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo, na mwaka 2001 kikapewa hadhi ya chuo kikuu. Mimi nilikipenda kwa sababu ya ile barabara. Kila nilipotoka kwenda mjini nilikutana na malori ya kwetu, yamefungwa maturubai, na vijana wa kupakia wamejikunyata juu ya magunia. Mzigo tuliokuwa tukiujadili darasani ulikuwa unapita pale Sangasanga usiku na mchana.

Mpango mkakati wa masoko, kwa jinsi tulivyofundishwa, unajibu maswali manne kwa mfuatano: tuko wapi, tunataka kufika wapi, tutapita njia gani, na tutajuaje kwamba tumefika. Kila swali lina vyombo vyake. Kwa swali la kwanza tunapima uwezo na udhaifu wetu wa ndani, kisha fursa na vitisho vya nje: siasa, uchumi, jamii, teknolojia, mazingira, sheria. Kwa swali la njia tunamwendea Igor Ansoff, ambaye mwaka 1957 alionyesha kwamba mfanyabiashara anayetaka kukua ana milango minne tu. Anaweza kuuza zaidi bidhaa ileile kwa wateja walewale, kuipeleka bidhaa ileile kwa wateja wapya, kuwapelekea wateja walewale bidhaa mpya, au kuthubutu vyote viwili kwa mpigo. Kisha zinakuja nguzo nne ambazo Jerome McCarthy alizipanga mwaka 1960, yaani bidhaa, bei, mahali na uhamasishaji, na ambazo vitabu vya Philip Kotler vilizisambaza dunia nzima. Usiku tulikaa vikundi, bumu, yaani fedha ya mkopo wa wanafunzi, limeshakwisha, tukipitia madesa ya waliotutangulia, na nakumbuka furaha ya kuona mambo niliyoyazoea nyumbani yakipata mpangilio.

Asaimenti kubwa ya kozi ilikuwa kuandika mpango kamili wa bidhaa halisi. Vikundi vingi vilichagua soda, bia au mitandao ya simu, kwa kuwa taarifa zake zinapatikana kirahisi. Sisi tukachagua viazi vya Njombe. Tuliposimama kuwasilisha, mwalimu alitusikiliza mpaka tukafika kwenye wateja. Tulikuwa tumeandika kwamba mteja wetu ni muuza chipsi wa Dar es Salaam, kijana mwenye karai la mafuta pale Manzese au Tandika, ambaye watu wanamtegemea kwa chakula cha jioni.

"Huyo muuza chipsi," mwalimu akauliza, "amewahi kumlipa mkulima wenu hata shilingi moja?"

Tukanyamaza. Akaendelea kwa upole kwamba anayekula, anayekaanga na anayelipa shambani ni watu watatu tofauti, na kwamba mpango usiomjua anayelipa shambani hautamsaidia mkulima hata ukiandikwa kwa Kiingereza kizuri namna gani. Akatutuma turudi kwa Michael Porter na makala yake ya mwaka 1979 kuhusu nguvu tano zinazoubana ushindani. Moja ya nguvu hizo ni ile ya mnunuzi. Mnunuzi ana nguvu pale ambapo wauzaji ni wengi na wanunuzi ni wachache, bidhaa ya huyu haitofautiani na ya yule, na muuzaji hana pengine pa kwenda. Niliposoma orodha hiyo nilimwona mama yangu mdogo amesimama mbele ya rundo la viazi vyake. Kila kigezo kilimhusu.

Wakati wa fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, niliomba nipangiwe Makambako. Wengi wa darasa letu walitaka Dar es Salaam, na sikuwalaumu, lakini kwa mtu anayetaka kujifunza masoko sijui darasa linaloipita Makambako. Barabara kuu ya kwenda Zambia inapita pale, na pale ndipo barabara ya Njombe na Songea, iliyojengwa miaka ya 1980, inapochepuka kuelekea kusini. Reli ya TAZARA nayo inafika pale, baada ya kukipanda kile kipande kigumu cha mahandaki na madaraja kutoka Mlimba. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula ana kanda yake pale, ya kununua na kuhifadhi nafaka. Mbao zinashuka kutoka Njombe, mahindi yanapanda kutoka Ruvuma, viazi vinatoka Wanging'ombe, Makete na vijiji vya Njombe yenyewe, na upepo wa Makambako unavipitia vyote bila huruma. Tangu Mkoa wa Njombe ulipokatwa kutoka Iringa mwaka 2012, makao makuu yako Njombe mjini, kilometa kama 60 kutoka hapo, lakini shughuli hasa ya kubadilishana mali na fedha imebaki njia panda.

Nilianza na lumbesa, maana kila mtu Makambako ana neno la kusema kuhusu lumbesa. Gunia linajazwa mpaka mdomoni, kisha linaongezewa kilemba: viazi vinapangwa juu ya mdomo na kushonewa wavu au kamba mpaka gunia linakuwa na kichwa na mabega. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, ipo, na maofisa wa Wakala wa Vipimo wamekuwa wakilikataza gunia hilo kwa miaka mingi, wakisisitiza kilo 100 na mauzo ya mizani. Chukua mfano rahisi. Bei ya gunia ikiwa shilingi 60,000 na gunia likawa na kilo 100, mkulima amepata shilingi 600 kwa kilo. Gunia hilohilo likibeba kilo 140, amepata kama shilingi 430. Hakuna aliyemshushia bei kwa mdomo. Imeshushwa kwa kamba na sindano.

Nilikwenda pale nikiamini kwamba lumbesa ni tamaa ya madalali tu. Nilipokaa na wapakiaji, madereva na wachuuzi wenyewe, picha ilipanuka. Mpakiaji analipwa kwa gunia. Lori linakodishwa kwa gunia. Kwenye masoko ya Dar es Salaam kama Mabibo na Ilala, mshushaji naye anahesabu magunia. Katika mnyororo ambao kila huduma inalipiwa kwa idadi ya magunia, mwenye mzigo atajitahidi magunia yawe machache na makubwa. Mchuuzi mmoja, mwanamke aliyeanza na magunia ya kukopa, alinipigia hesabu ya safari yake moja kwenye kipande cha boksi, na nilipoiangalia niliona kwamba kilemba ndicho kilichombakizia faida. Kenya walijaribu kulikabili jambo hili kwa kanuni za viazi za mwaka 2019, zilizoweka ukomo wa kilo 50 kwa gunia, na huko nako utekelezaji umekuwa wa vuta nikuvute. Naunga mkono mizani kwa moyo wote. Ila mizani ikiwekwa shambani peke yake, huku lori na soko vikiendelea kuhesabu magunia, mzigo wote wa sheria unamwangukia mkulima na mgambo wa kijiji.

Hata hivyo swali langu lilikuwa bado halijajibiwa. Mkulima anaona kilemba kinashonwa mbele ya macho yake. Ana ulimi, ana akili, na Wabena wa Njombe si watu wa kuburuzwa. Kwa nini anakubali?

Jibu lilikuja nyumbani kwa mama mdogo, mbele ya viazi vya mwisho vya vinyungu, zile bustani za mabondeni tunazolima kiangazi kwa unyevu uliobaki ardhini. Ilikuwa mwanzoni mwa Januari. Mnunuzi alikuja, wakasalimiana "kamwene" kama kawaida, akazunguka rundo, akataja bei. Mimi, na nadharia zangu mpya kichwani, nilimvuta mama mdogo pembeni nikamwambia kwamba wiki mbili zijazo malori yatakuwa mengi na bei lazima ipande, kwa sababu mvua zimeharibu njia upande wa pili na mzigo utapungua.

"Najua, mama," akanijibu, akiniita hivyo kama alivyoniita tangu nikiwa mdogo. "Itapanda. Lakini shule inafungua Jumatatu."

Binti yake alikuwa anaingia kidato cha kwanza, bweni. Kweli, Januari 2016 Serikali ilifuta ada kwa shule zake mpaka kidato cha nne, na kwa kaya nyingi za kwetu hilo lilikuwa ahueni kubwa. Lakini godoro halijafutwa, wala sare, sanduku, madaftari, viatu na nauli. Mama mdogo alikuwa na taarifa za soko kuliko mimi. Bei ya Mabibo aliipata kwa simu kila asubuhi kutoka kwa shemeji yake. Alichokosa ni siku kumi na nne. Mnunuzi alijua kwamba shule inafungua Jumatatu, kwa sababu na yeye ana watoto.

Nilirudi Makambako nikachukua karatasi na kuchora upya uchambuzi wetu. Badala ya kuanza na uwezo na udhaifu, niliandika mazao ya mkoa upande mmoja na upande wa pili nikaandika kila zao linaweza kusubiri muda gani tangu liwe tayari kuuzwa. Jani la chai likishachumwa lina saa chache tu kabla halijaharibika, ndiyo maana mkulima mdogo wa Lupembe au Luponde yuko mikononi mwa kiwanda kilicho karibu naye, na lori la kukusanya majani likichelewa siku moja, kazi ya siku hiyo imepotea. Maziwa ni hivyohivyo. Viazi vina majuma, labda zaidi kidogo kama ghala lina giza, ubaridi na hewa. Mahindi yana miezi, mradi dumuzi wasiyaingie. Msonobari una miaka: mwenye mti akiona bei ya mbao haimpendezi anauacha uendelee kunenepa. Karatasi ile ilinieleza mkoa wangu kuliko jedwali lolote nililowahi kulijaza. Nguvu ya mnunuzi aliyoisema Porter ilikuwa inapungua kadiri nilivyoshuka kwenye orodha.

Pembeni ya Njombe mjini kuna kampuni ambayo ni mfano mzuri wa jambo hilo kwa kipimo kikubwa. Kampuni ya Tanganyika Wattle, tunayoiita TANWAT, ilianzishwa mwaka 1949 na shirika la maendeleo la makoloni la Uingereza, kwa ajili ya miwati. Magome ya miwati yanatoa dawa ya kusindikia ngozi, na mti wenyewe unahitaji miaka kadhaa kabla haujabanduliwa magome. Fikiria maana yake: mtaji unaokubali kukaa ardhini miaka hiyo yote bila kurudisha kitu. Baadaye mahitaji ya dunia yalipobadilika, kampuni haikuwa imefungwa kwenye magome. Ilikuwa na ardhi, barabara, wafanyakazi waliozoea miti, na muda. Ikaingia kwenye mbao na nguzo, ikajenga mtambo wa kuzalisha umeme kwa mabaki ya miti, ikalima na parachichi. Kwenye milango ya Ansoff, imeshapita karibu yote. Darasani tungesifu maono ya viongozi wake, na maono yapo, lakini maono hayo yalikuwa na kitu cha kusimamia. Mama mdogo ana maono pia.

Linganisha na wenye vishamba vya miti, na Njombe sasa ni wengi: walimu, manesi, wastaafu, vijana waliorudi kutoka mjini, kila mtu ana ekari zake za misonobari. Mti unaweza kusubiri, ndiyo. Lakini nimekuta miti michanga, myembamba, imekatwa na kupelekwa kwenye mashine za kupasulia mbao Makambako, ikauzwa kwa bei ya kusikitisha, na nilipouliza nikaambiwa mgonjwa alikuwa Ikonda anahitaji kutolewa hospitali. Hapo nikaongeza safu ya pili kwenye karatasi yangu. Ya kwanza ilikuwa zao linaweza kusubiri muda gani. Ya pili ikawa nyumba inaweza kusubiri muda gani. Muda halisi wa kusubiri ni ule ulio mfupi kati ya hiyo miwili, na karibu kila mara ulio mfupi ni wa nyumba.

Sitaki msomaji adhani kwamba nahubiri kusubiri kama dawa. Katikati ya mwaka 2017 Serikali ilipiga marufuku kuuza mahindi nje ya nchi, ikihofia njaa. Wakulima wa Nyanda za Juu Kusini waliokuwa wameweka mahindi ghalani wakitarajia bei ya miezi ya upungufu waliona bei ikiporomoka, na hata zuio lilipolegezwa baadaye mwaka huohuo, soko halikuamka mara moja. Waliouza mapema walionekana wajanja, na waliosubiri walipoteza. Lile neno "siasa" ambalo wanafunzi huliandika juujuu kwenye uchambuzi wa mazingira, siku hiyo lilikuwa na sura ya debe la mahindi lisilouzika. Kusubiri ni uwekezaji, na uwekezaji una hasara yake. Ninachodai ni kwamba mkulima apate nafasi ya kuchagua, na akichagua ajue anacheza na nini.

Kuhusu reli, ambayo nayo ni suala la muda, nitasema kidogo. Mwaka 1960 Theodore Levitt aliandika kwamba makampuni ya reli ya Marekani yalianguka kwa sababu yalijiona yako kwenye biashara ya reli, wakati wateja walitaka usafiri. Tulisoma makala hiyo tukiwa na TAZARA mbele yetu: kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi, iliyokabidhiwa mwaka 1976, ambayo mwaka wa fedha 2014/15 ilibeba chini ya tani 100,000 huku barabara iliyo sambamba nayo ikijaa malori. Nilimuuliza mchuuzi mmoja kwa nini hapakii kwenye treni wakati stesheni iko palepale. Hakunitajia bei. Alisema lori linaondoka usiku wa leo na analijua linafika lini. Mwaka 2024 Tanzania, Zambia na China zilitia saini makubaliano ya kuifufua reli hiyo, na natamani kwa dhati ifufuke. Watakaoiendesha wakija Makambako kutafuta mzigo, waanze na mchuuzi huyo na hoja yake ya siku ya kufika.

Siku hizi mazungumzo ya Njombe ni parachichi. Watu wameng'oa mahindi na kupanda parachichi aina ya Hass, na sababu zipo. Novemba 2022, Rais Samia Suluhu Hassan alipokuwa Beijing, ilisainiwa hati iliyofungua njia ya parachichi la Tanzania kuingia China. Ulaya ilikuwa inanunua tangu zamani. Na Hass ina sifa moja ambayo inanigusa kwa namna ya pekee: tunda lililokomaa halianguki upesi, linaweza kuning'inia mtini kwa wiki nyingi likingoja mnunuzi. Mti wenyewe ni ghala. Kwa mara ya kwanza mkulima mdogo wa kwetu ana zao bichi ambalo halimkimbizi.

Lakini angalia kinachotokea. Mnunuzi anakuja mwanzo wa msimu, wakati bei ya nje iko juu na tunda bado changa, anamkuta mwenye shamba ana Jumatatu yake, na tunda linachumwa kabla ya wakati. Likifika Rotterdam halilainiki sawasawa, linakunjamana, na jina la nchi nzima linaharibika. Kenya tatizo hili liliwafika mapema, na mamlaka yao imekuwa ikifunga uvunaji wa kusafirisha kwa meli kwa vipindi ili kulizuia tunda changa. Halafu kuna bahari. Kuanzia mwishoni mwa 2023, mashambulizi kwenye Bahari ya Shamu yalizifanya meli nyingi zizunguke Rasi ya Tumaini Jema, safari ikarefuka kwa karibu wiki mbili, na kwa tunda bichi wiki mbili ni nyingi mno. Likishachumwa tu, parachichi linarudi kwenye hesabu ileile ya kiazi.

Baada ya chuo nilirudi nyumbani, na sehemu ya kazi yangu ni kusaidia vikundi vya wakulima kuandika mipango ya masoko, mara nyingi kwa sababu benki au mfadhili ameidai. Vyombo vya Mzumbe navitumia vyote na sitaviacha. Ansoff bado ananisaidia, na lile swali la mwalimu kuhusu anayelipa nimelirithi, naliuliza kila kikao cha kwanza. Ila ukurasa wa kwanza wa mpango sasa ni kalenda ya nyumba. Tunakaa chini, kina mama kwanza kwa sababu wao ndio wanaojua, tunaandika: Januari shule, Machi palizi na njaa kidogo, Juni mgawo wa kikoba cha akiba, Oktoba na Novemba mbolea na mbegu. Kando ya kila mwezi tunaandika fedha hiyo kwa sasa inatoka wapi. Ni hapo ndipo siri zinapotoka, kwamba mbolea ya Novemba ililetwa na mnunuzi kwa mkopo na kwa hiyo viazi vya Machi vimeshauzwa kabla havijapandwa. Nadharia yoyote ya bei utakayoileta juu ya ukweli huo inaelea.

Kikundi kimoja cha upande wa Wanging'ombe kilinionyesha jambo ambalo sikulipata kitabuni. Tulipokuwa tukiijaza ile karatasi ya kusubiri, mzee mmoja aliyekuwa kimya muda mrefu akasema kuna kiazi ambacho lazima kisubiri: kiazi cha mbegu. Kikitoka ardhini kinalala, na hakifai kupandwa mpaka kikae miezi kama miwili au mitatu kiote vichipukizi vifupi, vinene. Kila wiki kinayokaa kinazidi kuwa na thamani, na wanunuzi wake ni wakulima wenzao, ambao wote wanakihitaji kwa wakati mmoja, mvua zikikaribia, na wao ndio wasioweza kungoja. Viazi vilevile, shamba lilelile, ila muda umehamia upande wa pili wa meza.

Hapo niliona mlango wa pili wa Ansoff ukifunguka mbele yangu, na aliyeufungua hakuwa na haja ya kujua jina lake. Haukuwa mlango mwepesi. Mbegu ya magonjwa ni hatari kwa kijiji kizima, hasa mnyauko wa bakteria, ambao ukishaingia kwenye udongo hautoki kirahisi. Ilibidi waanze na mbegu mama safi kutoka kwa watafiti, watenge mashamba ambayo hayakulimwa viazi wala nyanya kwa misimu kadhaa, na wakubali ukaguzi wa Taasisi ya Kudhibiti Ubora wa Mbegu ili mbegu yao itambuliwe kuwa ya kuazimiwa ubora, daraja ambalo kwa kawaida linauzwa ndani ya wilaya ilikozalishwa. Wakajenga ghala dogo la miti na nyasi lenye chaga, linaloingiza mwanga hafifu na hewa, ili vichipukizi visirefuke ovyo.

Hawakuweka mazao yao yote humo. Viazi vikubwa bado vinakwenda Makambako, na vingine bado vinavishwa kilemba. Vile vidogo, vya ukubwa wa yai, ambavyo zamani mnunuzi alivichukua bure kama nyongeza, ndivyo vinavyopanda kwenye chaga. Kwenye rasimu ya mpango tuliandika kwamba fedha ya mbegu itaingia Oktoba na Novemba, na kwamba matumizi yake ya kwanza, kabla ya mengine yote, ni mbolea ya wanachama wenyewe, ili hata mmoja wao asikopeshwe na mnunuzi. Kipengele hicho ndicho kilichojadiliwa kuliko vyote. Wapo waliotaka igawanywe mara moja, kwa sababu Januari nayo inakuja, na walikuwa na haki ya kusema hivyo. Wakakubaliana nusu iende kwenye mbolea na nusu igawanywe, na tukaandika hivyo, kwa wino, kwenye ukurasa wa kalenda.